Tope la Kando ya Kisima

Ninyi vijana mnaoingia kazi ya kupima maji mmeniomba niandike ninayoyajua. Ni machache. Watu wa hapa Masuguru hunitambulisha kwa wageni kuwa nilikuwa mtaalamu wa mionzi, na mgeni akisikia hivyo ananipa mkono kwa ncha za vidole. Msidanganyike. Nilikuwa muosha chupa. Nilizijaza maji, makopo nikayajaza matope, nikaandika vikaratasi vya kubandika, nikavipeleka maabara, vyombo vikarudi, nikaviosha tena. Sayansi yote imelalia kile kikaratasi, na kikaratasi ndicho nilichokiharibu. Nitafika huko.

Kwanza mjue tulikuwa tunatafuta nini. Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru mataifa makubwa yalikuwa yakijaribu mabomu yao angani, mbali sana na sisi. Vumbi lake lilipanda juu, likazunguka dunia, likashuka na mvua. Mvua haiombi ruhusa mpakani. Ikabidi na sisi tujue kilichoanguka kwetu ni kiasi gani, na kikishaanguka kinaelekea wapi. Tukapewa kituo kidogo Korogwe, vyumba viwili na baraza. Mkubwa wetu alikuwa Bwana Shekilindi, Mshambaa wa milimani, mwembamba, ambaye hakuwahi kunipandishia sauti hata siku moja. Ukikosea alikuwa anavua miwani, anaifuta, anaivaa. Heri angenitukana.

Chombo chetu cha kupimia mionzi kilikuwa sanduku la chuma lenye mpini, na kilikuwa kinalia tik, tik, tik. Tulikiita mjusi. Watu hudhani mjusi akilia tu, basi kuna hatari. Si kweli. Mwekeni juu ya meza tupu, atalia. Mwekeni juu ya jabali, atalia zaidi, kwa sababu mawe yana mionzi yake tangu Mungu alipoyaweka. Kwa hiyo kabla hujapima kitu, pima pasipo na kitu. Hesabu milio dakika kumi kwa saa ya mkononi, andika, ndipo uweke sampuli. Asiyejua mlio wa kawaida atakimbia kila mlio.

Kosa langu la kwanza nililifanyia darajani, Korogwe ya zamani. Mto ulikuwa mwekundu, mvua imenyesha juu usiku kucha. Nilikuwa nimeambiwa kwamba maji ya kupima hutiwa tindikali kidogo, ili kilichomo kisigande kwenye kuta za chupa. Basi nikachota chupa sita, nikatia tindikali pale pale, nikarudi ninaringa. Maabara wakakuta mionzi ndani ya maji yale ambayo hawajawahi kuiona katika mto wowote. Bwana Shekilindi akavua miwani.

"Mhina, ulichuja kwanza?"

"Kuchuja nini, mzee?"

"Matope."

"Nilidhani yatachujwa huku."

Akaifuta, akaivaa, akaenda kwa mama ntilie wa jirani akarudi na manjano kwenye karatasi. Bakuli moja akatia mchanga wa mtoni, la pili akatia kitambaa cheupe, kote akamwaga maji ya manjano. Mchanga akausuuza mara moja, ukarudi kama ulivyokuwa. Kitambaa akakisuuza mara tatu, wapi!

"Tope laini ndilo kitambaa," akasema. "Lile vumbi likiingia mtoni, sehemu kubwa haikai kwenye maji. Inaganda kwenye tope laini, inasafiri nalo, inatua nalo. Mchanga wa chengachenga haushiki kitu. Sasa wewe umechukua maji na tope lake, ukatia tindikali, tindikali ikabandua kila kilichogandana na tope ikakirudisha kwenye maji. Umepima maji ya mto? Hukuyapima. Umepima maji uliyoyatengeneza wewe."

Chuja kwanza, tindikali baadaye. Hilo liandikeni hata mkononi.

Jambo la pili nilifundishwa na mafuriko. Miezi minne nilikuwa nakwenda Magoma kila wiki kupima tope linalopita mtoni. Mto umetulia, maji unaona miguu yako, na kila wiki sipati kitu cha maana. Nikaanza kuamini kwamba tope halisafiri. Mvua kubwa ilipokuja nikajilalia zangu nyumbani, maana mtu mwenye akili atapima nini katika hali ile? Bwana Shekilindi akaja kunichukua mwenyewe na Landrova. Siku tatu tulizokaa kule tumelowa chapachapa, mto ulipitisha tope jingi kuliko miezi yangu yote minne ukiikusanya. Maji yalipopungua tukaanza kulitafuta lilikotua, tunazunguka na mjusi kila mahali, mpaka mkulima mmoja mwanamke akatuonea huruma. "Nyie mnatafuta tope jipya? Nendeni upande wa ndani wa ile kona, maji hupumzika pale. Sisi ndiko tunakopanda mpunga." Tukaenda, tukalikuta limetandazwa kama mkeka. Tangu siku ile, kabla ya kutoa chombo garini, nawauliza kwanza wanaolima. Ingenifaa zaidi kama ningewauliza na wanaofinyanga.

Handeni maji ni habari nyingine. Kiangazi korongo linakauka, unabaki mchanga, na chini ya mchanga ndimo yalimo maji. Wanawake huchimba shimo refu kupita kimo cha mtu, hukata vidaraja vya kushukia, kisha mmoja mmoja hushuka na kata, huchota kidogo kidogo mpaka mtungi ujae. Kijiji ninachokisema sitakitaja jina, wenyewe wapo. Kilikuwa kijiji kipya cha Ujamaa, watu wametolewa katika mabonde matatu, na kisima kile ndicho kilichowafanya wakubali kukaa pale. Maji mengine yalikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi. Kikifa kisima, kijiji nacho kimekufa. Nayajua hayo vizuri kwa sababu nilioa pale. Mke wangu Zaina ni mtoto wa pale.

Mliokulia mjini niwaeleze. Kwetu Uzigua enzi zile mama mkwe huangaliani naye. Ukimwona njiani unampisha, unaingia majanini mpaka apite. Hukai naye, huli naye, na Mungu apishe mbali umkute hajajisitiri. Siku ile nilifika kisimani jua la utosi, koleo begani, makopo mkononi, nikachungulia shimoni. Mama mkwe wangu yuko chini, maji yamemfika magotini, kanga ameikunja mpaka mapajani, anachota.

Lo! Niliruka kama niliyekanyaga nyoka. Wanawake waliokuwa wakingoja zamu wakaangua kicheko. Ningeweza kungoja na mimi, sina la kujitetea. Lakini nilikuwa na visima vingine viwili katika korongo lile lile, na dereva ananipigia honi barabarani. Hatua kama kumi kutoka kisimani palikuwa na lundo la tope laini, bichi, limefunikwa majani. Nikajisemea, hili wamelitoa chini walipokuwa wakisafisha kisima. Nikajaza kopo. Maji nikamwomba mwanamke mmoja anichotee. Kisha nikaandika kwenye kikaratasi: Tope, chini ya kisima.

Kicheko kikazidi. Mmoja akaniitia nyuma, "Shemeji, mwenyewe akitoka utamjibu!" Nikadhani ni utani wa kumkimbia mkwe. Nikatokomea.

Majibu yakarudi. Maji ya kisima safi kabisa. Visima vile viwili vingine, safi, maji na tope. Tope la kisima cha ukweni, mjusi alikuwa analia mara kadhaa ya kawaida yake. Bwana Shekilindi akaandika ripoti, mstari wa kwanza unasema tope limezidi kiwango, wa pili unasema kipimo kirudiwe kabla ya hatua yoyote. Nakala ikapita katika ofisi moja ambayo siitaji, mikononi mwa afisa mmoja kijana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na miaka ile haraka ilihesabiwa kuwa bidii. Akausoma mstari wa kwanza. Akaamuru kisima kifukiwe na watu wajiandae kuhamia kijiji cha barabarani. Kijijini habari ilifika kwa namna yake, kwamba bomu la wazungu limeingia kisimani. Watu wakaacha kunywa siku hiyo hiyo. Wanawake wakaanza kutembea.

Bwana Shekilindi hakuridhika. Aliniita mezani.

"Mvua ni ya wote, Mhina. Visima vitatu, korongo moja, wingu moja. Kwa nini kimoja tu?"

"Labda ni mipango ya Mungu, mzee."

"Mungu usimtie kwenye kikaratasi. Tope ulilitoa chini mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

Ndiyo ile ilinitoka kirahisi. Nilijiambia kwamba si uongo hasa, tope la kisima ni tope la kisima. Ukweli ni kwamba niliona haya kumwambia msomi kama yule kwamba nilimkimbia mkwe. Mtu anaweza kufukia kisima cha kijiji kizima kwa haya ndogo kama hiyo, mimi ni shahidi.

Zaina alikwenda kwao akarudi amekasirika, mtungi mpya kichwani, zawadi ya mama yake. Akautua chini.

"Baba Omari, mama miguu imemvimba. Anatoka alfajiri, anarudi adhuhuri na debe moja. Mtoto wa dada ameharisha kwa maji ya lambo wanalonyweshea ng'ombe. Ninyi huko mnapima nini hasa?"

Nilikuwa nimekuja na mjusi nyumbani kumbadilisha betri, nikajifanya nina kazi. Nikamwasha, nikamweka sakafuni karibu na ule mtungi. Akalia, na sikuamini masikio yangu. Nikamsogeza ukutani, akatulia. Nikamrudisha mtungini, akalia mlio ule ule wa kopo langu. Nikafanya hivyo mara tatu, Zaina amesimama ananitazama kama mtu aliyepagawa.

"Udongo wa vyungu mama anautoa wapi?"

"Kilimani, kwenye majabali. Anaubeba kichwani."

"Akishaubeba?"

"Anauloweka kando ya kisima, si ndiko kwenye maji? Anaufunika majani usikauke. Kwani hukujua? Wanawake wote walikuona ukimwibia kopo zima. Mama aliwakataza wasikufuate. Alisema mkwe haulizwi."

Nilikaa pale pale sakafuni. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani, na nimefanya mengine ya aibu. Ule ulikuwa udongo wa jabali, mionzi yake ni ya jabali, haina uhusiano na bomu la mtu wala na kisima. Na msiuogope mtungi pia. Ukikaa kupumzika juu ya jabali lenyewe unapata yale yale, na babu zetu wamepumzika juu ya majabali hayo tangu zamani.

Asubuhi nilimweleza Bwana Shekilindi yote, pamoja na mapaja, maana nilikuwa nimeshachoka kuficha. Akavua miwani. Safari hii hakuifuta.

"Kisima kinafukiwa lini?"

"Leo, mzee."

"Mwite dereva."

Tulikuta kijiji kizima korongoni. Vijana wenye makoleo wamesimama, lundo la mchanga liko tayari, na hakuna anayefukia. Yule afisa amechuchumaa ukingoni mwa kisima, shati limemganda mgongoni.

"Mama, shikamoo tena. Nakuomba utoke. Hili ni agizo!"

Sauti ikatoka shimoni, haina hata hasira. "Marahaba. Agizo lishuke linitoe."

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa humo tangu alfajiri. Mwenyekiti wa kijiji akatueleza kwamba wamemsihi, wamemwita mpaka kaka yake, na jibu lake ni moja: fukieni na mimi. Nikasimama mbali, mgongo nimeelekeza kisimani. Hata siku hiyo desturi ilikuwa inanishika shingo.

Bwana Shekilindi akamwambia afisa kwamba sampuli ilikuwa na kosa, tumekuja kupima upya.

"Kosa la nani?"

Bwana Shekilindi alikuwa anajua. Angeweza kusema. Akageuka tu akanitazama, na watu wote wakageuka wakanitazama.

"Langu," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, nikairudia kwa nguvu. "Langu mimi! Tope lile sikulitoa kisimani. Nililitoa kwenye udongo wa mfinyanzi ule pale kando. Mkwe wangu alikuwa chini, nikaona haya kushuka, nikaona uvivu kungoja. Nikaandika uongo."

Mwanamke mmoja alianza kucheka, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Nadhani alikuwa anaifikiria miguu yake.

"Yaani mimi nilikuwa nahamisha watu kwa sababu ya mkwe wa mtu?" afisa akauliza.

"Ulikuwa unahamisha watu kwa mstari mmoja," Bwana Shekilindi akamjibu kwa upole. "Chini yake kulikuwa na wa pili."

Afisa akaninyooshea kidole. "Basi shuka, ulichukue hilo tope la chini. Sasa hivi, mbele yangu."

Hapo kila Mzigua aliyekuwapo aliinamisha macho. Kushuka ni kumvunjia mkwe heshima mbele ya ukoo mzima, na alikuwa amekaa majini, kanga imemlowa mwilini. Kutoshuka, kisima kinafukiwa. Nilivua viatu. Nawaambieni kweli, nilikuwa nimeshaamua kushuka.

"Mwenyekiti," sauti ikaita kutoka chini. "Mwambie huyo mtu asishuke. Mnishushie hilo kopo."

Kopo likashushwa kwa kamba.

"Muulize anataka la wapi."

Mwenyekiti akaniuliza, ingawa sote tulikuwa tumesikia. Nikasema, huku natazama miti, kwamba nataka la chini kabisa, chini ya maji na chini ya mchanga, lile laini linaloteleza kidoleni. Mwenyekiti akamfikishia. Tukasikia maji yanachafuka, tukasikia anahema. Ikachukua muda. Kopo likapanda limejaa tope jeusi, laini, na hakuna punje ya mchanga ndani yake. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona sampuli iliyochukuliwa vizuri kuliko ile.

Tukalikausha kwenye bati juu ya moto. Bwana Shekilindi akapima kwanza pasipo na kitu, dakika kumi, afisa naye anahesabu kwa saa yake. Kisha akamweka mjusi juu ya tope. Mtoto akilia ananyonyeshwa haraka anyamaze. Dakika kumi zikaisha. Milio ilikuwa sawasawa na ya pasipo na kitu, kasoro ya kupuuzika. "Tena," afisa akasema. Tukarudia, ikawa vile vile. Akavuta pumzi, akawaambia vijana wapakie makoleo.

Mimi adhabu yangu ilikuja baadaye, mwaka mzima ndani ya maabara bila kukanyaga mto wala korongo, na nilistahili zaidi. Wakati ule sikuwa naifikiria. Watu walikuwa wanapiga vigelegele, wengine wameshakimbilia mitungi, na mama mkwe wangu hakutoka.

"Huyo mtu ameandika?" akauliza kutoka chini.

Vigelegele vikakatika. Mwenyekiti akanitazama. Nikasema bado.

"Mwambie aandike. Mimi sijui kusoma. Akimaliza, mtu mwingine anisomee nisikie alichoandika."

Nikatoa kikaratasi, nikakiweka juu ya goti. Mahali, nikajaza. Kitu, nikaandika tope, chini ya kisima. Mstari wa mwisho uliuliza aliyechukua sampuli ni nani, na penseli ikasimama. Jina la mama mkwe mtu halitaji. Miaka sita ya ndoa sikuwa nimelitamka hata nikiwa peke yangu, na kuliandika nilikuwa sijui kama ni dhambi au si dhambi. Lakini kuandika jina langu kungekuwa uongo wa pili mahali pale pale. Nikaliandika herufi moja moja, nikampa Bwana Shekilindi kikaratasi bila kumtazama.

Akasogea ukingoni akasoma kwa sauti, pole pole, kama anayesoma mbele ya mahakama. "Tope, chini ya kisima. Aliyechukua sampuli: Mwanahawa binti Sefu."

Kisha tukamsikia anasimama, maji yanamdondoka.

"Ndiyo," akasema. "Huyo ndiye aliyechukua. Sasa nitoeni, nina baridi."